Kopo Likilia, Jani Litoke

Enzi zetu sungura alifundishwa kwa kifuniko cha kopo la kiwi ya viatu, na hakuna mtu aliyeliita jambo hilo sayansi. Nalisema mapema kwa sababu nimechoka. Mjukuu wangu Salma, anayesoma chuo na kukaa nami hapa Kiseke, ameagiza kidude cha plastiki kutoka China, kidogo kama kifungo cha koti, ambacho ukikibonyeza kinalia tak. Kimekaa njiani wiki tatu. Pamoja nacho kimekuja kifuko cha vidonge vya rangirangi ambavyo, kwa maelezo yake, ni zawadi za sungura. Nilivinusa. Vinanukia peremende. Nje ya dirisha lake matembele yametambaa ukutani mpaka yanataka kuingia ndani, lakini majani ya bure hayana picha wala maandishi, kwa hiyo hayaaminiki.

Anajifunza kwa video. Anatazama, anabonyeza, anarudi kutazama kama amebonyeza sawasawa, na sungura wake, aitwaye Lulu, anakaa pale akisubiri kama mtu aliye kwenye foleni ya zahanati. Nikimwambia kwamba mimi niliiona kazi hii ikifanywa kabla bendera ya mkoloni haijashuka, ananitazama kwa huruma.

"Babu, hii ni mbinu mpya," ananiambia.

Haya. Nyinyi wa rika langu, mlioserereka juu ya mawe ya Mwanza mpaka kaptula zikatoboka makalioni, nisikilizeni nyinyi, maana humu ndani sina wa kunisikiliza.

Nyumba yetu ilikuwa Mkuyuni, imeegemea jabali kubwa kiasi kwamba ukuta wa nyuma Baba hakuujenga. Jabali lenyewe ndilo lilikuwa ukuta. Mchana kutwa lilikunywa jua, na jioni ukilala juu yake ulihisi joto kama la mgongo wa ng'ombe. Juu yetu waliishi pimbi na mijusi kafiri wenye vichwa vyekundu, na sisi watoto tulicheza kombolela katikati yao, wao wakitutazama kama wazee wa baraza wasiopendezwa na kesi. Honi ya meli ikilia bandarini, Mama alijua ni saa ngapi bila kutazama saa, na saa yenyewe hatukuwa nayo. Tulikula samaki wa ziwani, sato wiki ya heri, furu wadogo wiki ya kawaida, na kati ya milo tulitafuna michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo vijana wa sasa wakipewa huuliza kama ni dawa.

Baba alikuwa fundi viatu. Siku za kazi alikaa na sanduku lake kwenye baraza la duka mjini, na Jumapili alifanyia kazi nyumbani, mlangoni, akiwa na nyundo, sindano na makopo yake ya kiwi, jeusi na la kahawia. Mama alikuwa mtu wa maneno machache yaliyokaa mwilini mwako siku nyingi. Nilikuwa mtoto wa kwanza, nina miaka kumi na miwili, nimeingia darasa la sita na kichwa kimevimba. Mdogo wangu Zuhura alikuwa na miaka tisa.

Mwaka ule wa Uhuru Wazungu wengi walikuwa wakifunga masanduku. Mmoja wao, mtu wa reli na mteja wa Baba, alikuja kuchukua buti zake akatuachia sungura, kwa sababu safari yake ya meli haikuwa na nafasi ya mnyama. Alikuwa mweupe, ila usoni alikuwa na madoa meusi kama mtu aliyejifuta kwa vidole vyenye wino. Baba alimtazama kitambo, akamwita Karani.

Karani alifika kwetu na tabia za bungalo. Alizoea biskuti za chai. Majani hakuyataka, alijikunyata nyuma ya kreti la mbao tulilomgeuzia kuwa nyumba, na tumbo lake lilikuwa limejaa kama begi la posta. Nilitaka kumtafutia biskuti. Zuhura alikataa. Alisema mnyama mwenye meno yale, yanayokua kila siku, hawezi kuwa aliumbiwa biskuti. Nani alimfundisha hayo? Hakuna. Alikuwa amemtazama tu, jambo ambalo vijana hawa hawaliwezi tena kwa dakika mbili mfululizo.

Ni kwa kutazama ndivyo alivyogundua lile la kopo. Jumapili moja Baba alibinya kifuniko cha kiwi kikalia tak, na Karani, aliyekuwa amejificha, akainua masikio. Zuhura alimpelekea jani la mchicha papo hapo. Baba akafunga kopo, akalifungua tena, tak, jani jingine. Siku ya tatu sungura alitoka nyuma ya kreti kabla jani halijafika. Baba alicheka mpaka misumari ikamdondoka mdomoni. Akachukua kifuniko cha kopo lililokwisha, akakigonga katikati kwa nyundo pigo moja, kikabonyea kidogo, akampa Zuhura. Ukikibinya kwa kidole gumba kilitoa mlio mkavu, uleule kila mara.

Tangu hapo ikawa kazi yake ya kila siku. Alikaa chini, miguu ameikunja, hasemi neno. Karani akigusa kiganja chake kwa pua, tak, jani. Akipanda juu ya tofali, tak, jani. Akisimama kwa miguu miwili, tak, jani. Majani yenyewe yalikuwa madogo, sawa na ukucha wa kidole gumba: mchicha, matembele, mara moja moja kipande chembamba cha karoti kama Mama alipata sokoni. Chakula chenyewe kilikuwa nyasi kavu, tena nyingi. Na alikuwa na sheria moja ambayo aliisema kwa uso wa hakimu: kopo likilia, jani litoke. Hata akilibinya kwa bahati mbaya, hata akiwa amelikalia, aliinuka kwenda kutafuta jani.

Mimi kazi yangu ilikuwa kukata nyasi. Baba ndiye aliyenipangia, na mundu alininolea mwenyewe. Sasa ngojeni niseme ukweli, maana nimefika umri ambao uongo unachosha kuliko ngazi. Sikukata. Nilikata siku mbili za kwanza, kisha gololi zikaniita, kisha ziwa, kisha chochote. Kwa hiyo Zuhura akaanza kumfungulia Karani alasiri, ale mwenyewe nyasi zilizoota kando ya mawe nyuma ya nyumba. Mama alihofia mwewe na nguchiro. Zuhura alimwonyesha. Alimwacha sungura akaenda mbali kabisa, akabinya kifuniko mara moja, na Karani alikuja mbio akirukaruka juu ya mawe, masikio yamelala, mpaka mapajani mwake. Mama aliangalia jambo lile mara tatu. Kisha akasema neno ambalo nilidhani halinihusu: mnyama humkumbuka aliyemlisha, lakini aliyemdanganya hamsahau.

Uhuru ulipokaribia, mji mzima ulitaka viatu ving'ae. Watu ambao hawajawahi kuvaa viatu ila kwenye harusi walivileta, vingine vikiwa na buibui ndani. Baba alifanya kazi mpaka mikono yake ikawa haitofautiani na kiwi, na makopo matupu yakajaa gunia. Shuleni nako kila darasa lilitakiwa lilete kitu cha kusherehekea. Darasa la saba walikuwa wamechukua ngoma. La tano walikuwa na nyimbo. Mwalimu Kulwa, mwalimu wetu wa darasa, alituuliza sisi tuna nini, na kwa kuwa kimya cha darasa kiliniuma, nikanyoosha mkono.

Nilisema tuna makopo. Nilisema kila mwanafunzi atapewa kifuniko, tuko arobaini, na bendera ikipita tutavibinya kwa pamoja kama makofi ya bati. Mwalimu alifurahi. Hapo ningekaa. Lakini sifa ni kama pilipili, ukionja unaongeza, nikasema pia tunaye sungura atakayesimama kwa miguu miwili kuipa bendera heshima.

Sungura hakuwa wangu. Na mimi nikimbinyia hakusimama, kwa sababu sikuwahi kukaa naye hata dakika kumi. Nilikuwa na juma moja. Nikamfundisha kwa siri, Zuhura akiwa kisimani, na kwa kuwa mchicha ulikuwa wa polepole nilitumia andazi na michembe. Alijifunza upesi mno, nikajiona fundi. Siku ya nne tumbo lilimharibikia, akawa anasaga meno kwa maumivu. Zuhura alimwondolea kila kitu akamwachia nyasi kavu na maji tu, akalala pembeni yake kwenye mkeka mchana mzima akimpapasa tumbo. Akaniuliza kama nimempa chochote. Nikamwambia huenda ni nyasi zenye umande. Niliyasema hayo nikiwa na makombo ya andazi mfukoni.

Alipona. Asubuhi ya sherehe Zuhura alikuwa na Mama kwa jirani, wakichambua mchele wa pilau ya mtaa mzima, na Baba alikuwa mjini aking'arisha viatu vya dakika ya mwisho. Kabla ya kuondoka alikuwa amekiosha kifuniko chake kwa maji ya moto na majivu, kikawa kinameremeta, akakiweka juani juu ya jiwe. Hata kopo lisherehekee, alisema. Mimi nilimtia Karani kwenye kikapu cha Mama cha samaki, nikakifunika kwa kanga, nikaenda naye uwanjani.

Ninakumbuka uwanja ule vizuri kuliko ninavyokumbuka nilichokula jana. Vumbi limemwagiwa maji likawa linanukia. Wazee wamevaa makoti katika joto lile. Bendera mpya ya kijani, nyeusi na manjano, ambayo wengi wetu tulikuwa hatujaiona ila kwenye karatasi. Nilimweka Karani juu ya meza iliyokuwa mbele ya darasa letu. Bendera ikaja, Mwalimu Kulwa akainua mkono, akaushusha, na vifuniko arobaini vikalia kwa mpigo mmoja.

Karani akasimama wima. Umati ulipiga kelele ya furaha, na mtu mmoja mzima alilia machozi, mbele yangu, kwa ajili ya sungura na bendera. Karani akashuka, akatafuta jani. Mchicha nilikuwa nao mfukoni. Lakini mkono mmoja ulikuwa na kifuniko na mwingine ulikuwa ukipungia watu, na Mwalimu akaushusha tena mkono wake. Tak. Karani akasimama. Akashuka, akatafuta. Tak. Wimbo ulikuwa mrefu, wimbo gani wa siku ile ungekuwa mfupi? Alisimama mara ambazo sikuzihesabu. Kila tak kwa yule mnyama ilikuwa ahadi, na ahadi arobaini zilikuwa zikitolewa kwa wakati mmoja, tena na tena, na jani hata moja hakuna.

Mwishoni aligeuka. Alitupa mgongo sisi sote, bendera, Mwalimu, darasa la sita, akalaza masikio, akajikunyata juu ya meza. Hapo ndipo nikakumbuka mfuko wangu. Mchicha ulikuwa umenyauka kwa jasho langu. Nilimwekea mbele ya pua na hakuutazama. Mwalimu alinishika bega akaniambia nimelipa darasa heshima.

Nilimrudisha nyumbani kabla ya pilau kuiva, na wenzangu nikawaapisha wasimwambie mtu wa kwetu. Jioni Zuhura aliona mnyama hayuko sawa, akaniuliza, "Kaka, Karani ana nini?" Nikamjibu kwamba atakuwa ameshtushwa na ngoma za mtaani. Akaamini. Nilikuwa kaka yake, angeacha vipi kuamini?

Kesho yake alasiri nilikuwa juu ya jabali nikicheza gololi na wenzangu. Nilimwona Zuhura akitoka na kifuniko chake kinachometameta, akafungua kreti. Nilijua. Sitaki mtu anitetee kwamba nilikuwa mtoto. Nilijua kwamba mlio ule umekufa, kwa maana nilikuwa nimeshambinyia asubuhi ile na hakunyanyua hata sikio. Ilitosha kuita: Zuhura, usimfungulie. Lakini angeuliza kwa nini, na nyuma ya kwa nini kulikuwa na kikapu, na nyuma ya kikapu andazi, na nyuma ya andazi mundu ulioota kutu. Nikatupa gololi yangu. Nakumbuka hata kwamba nililenga vizuri.

Karani alikula, akasogea, akala. Jua lilipoinama Zuhura alibinya kifuniko. Tulimwona sote, hatua kama thelathini hivi juu yetu, mweupe juu ya jiwe jekundu. Aliinua kichwa. Alitazama upande wa dada yangu kwa muda, kama mtu anayesoma barua mara ya pili kuhakikisha, kisha akarudi kula. Tak. Akapanda jiwe la juu zaidi. Tak. Akaingia kwenye ufa, kule kwa pimbi. Zuhura aliendelea kubinya mpaka adhana ya Magharibi, mkono mmoja umenyoosha jani la mchicha mbele, na Mama alipotoka kumwita alikuta kidole gumba cha mtoto kimechubuka.

Alirudi pale kila alasiri kwa majuma. Baba alimtengenezea kifuniko kipya, kisha kingine, akiwa na shaka kwamba labda bati la kwanza lilikuwa limechoka. Sisi wakubwa wa nyumba, nikijihesabu humo, tulijua kilichompata sungura mweupe kwenye milima yenye mwewe, ila Zuhura alidai mara mbili kwamba amemwona amekaa na pimbi. Kisha siku moja alikuja kunikalia pembeni na kuniambia kwamba amegundua kosa. Ni yeye. Alikiosha kifuniko kwa maji ya moto, moto ukabadilisha sauti, Karani akadhani anaitwa na mtu mwingine. Alisema hayo bila kulia, kama mtu anayetoa taarifa.

Nikaachia iwe hivyo. Nilisoma, nikapata kazi, nikaoa, nikazika wazazi wote wawili nikiwa bado nimeachia iwe hivyo. Zuhura naye aliolewa, akarudi kuishi Mkuyuni, akazaa watano, na kwake kuna jambo ambalo wanawe hulichekea: vifuniko vya sufuria huoshwa kwa maji baridi tu, hata vikiwa na mafuta. Wao husema mama yao anabania mkaa. Nami nilicheka pamoja nao, mwaka baada ya mwaka.

Sasa turudi kwa huyu Salma na plastiki yake. Jumapili iliyopita Zuhura alikuja kunisalimu. Salma alitoa shikamoo yake nzuri, akapokea marahaba, akaketi kwenye ngazi ya mlango akaanza kuchati. Mkono mmoja simu, mwingine kile kidude, na kidole kinabonyeza chenyewe kama mtu anayetikisa mguu. Tak. Lulu akaja mbio uani mpaka miguuni pake. Salma hakuona. Tak. Lulu akasimama wima. Salma anacheka, lakini anacheka na simu.

Zuhura alikuwa akichambua mchicha kwenye ungo huku akinieleza habari za goti lake. Hakukatisha neno. Mlio ulipotoka, mkono wake wenyewe ulichukua jani, ukalikata sawa na ukucha, ukanyooka chini na kumpa sungura. Tak, jani. Tak, jani. Goti, dawa ya kuchua, daktari aliyesema apunguze chumvi, na mkono unaendelea kulipa ahadi ambazo si zake. Sidhani kama alijua anafanya hivyo.

Hapo sikuweza tena. Nilimwambia, "Zuhura, siku ile ya Uhuru nilimchukua Karani." Nikamweleza yote, kuanzia andazi mpaka gololi. Nilieleza vibaya, bila mpangilio, kikapu kabla ya Mwalimu, mundu mwishoni. Kidole cha Salma kilisimama. Zuhura aliendelea kuchambua mchicha kwa muda mrefu, akitenga vijiti huku, majani huku.

Kisha akasema, "Kumbe si maji ya moto."

Basi, hilo tu. Hakunikasirikia, na hiyo ndiyo adhabu ninayotembea nayo. Baadaye alimwita Salma aje karibu, akamwambia kwanza aweke simu chini, pili avitupe vile vidonge vya peremende, tatu asibonyeze kama hana kitu mkononi. "Kopo likilia, jani litoke," alimwambia, na mtoto yule ambaye kwangu hasikii hata nikipiga mbinja aliketi kwenye mkeka akasikiliza.

Nasi wa zamani tusijisifu sana. Tulikuwa na mawe yenye joto, samaki wasio na barafu, wazazi waliosema mara moja, na kopo moja lililotosha mtaa mzima. Siku hizi kila mfuko una kitu kinacholia tangu asubuhi, na watoto wetu huinua masikio kila mara, wakishuka hawakuti kitu. Inaniudhi sana. Lakini wa kwanza kugawa vifuniko arobaini bila jani nilikuwa mimi, na sikuwa na video ya kusingizia.

Niliwaacha pale wawili na sungura wao. Nikaingia stoo, nikatafuta mundu, nikaunoa kwa jiwe, na kwa magoti haya haya nikatoka nyuma ya nyumba kwenda kukata nyasi.